Mwendesha Mashtaka Mtarajiwa Apelekwa Gerezani

Jumatatu, 4 Machi
Wiki yangu imefika! Ijumaa tunaendesha kesi ya mazoezi mbele ya wageni watatu: mwendesha mashtaka wa serikali, afisa probesheni anayesimamia vifungo vya nje na mkuu wa gereza. Kila mmoja atachagua mwanafunzi mmoja wa haki jinai aende kwake kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazi. Mimi nimeshachagua: kwa mwendesha mashtaka. Sauti ninayo. Tai ninayo. Sheria nitazisoma.

Mhadhiri akagawa nafasi. Ya mwendesha mashtaka akampa Kamusi! Ni mwenzangu wa chumbani. Tunamwita hivyo kwa sababu anakariri vifungu hata akipiga mswaki. Mimi je? Mshtakiwa. Eti nimeiba baiskeli. Nikamwuliza mhadhiri kama haoni kipaji kinapotea bure. Akajibu kwamba sura yangu inafaa sana. Nimeipokea kama sifa.

Jumanne, 5 Machi
Dawa ya Kamusi nimeipata. Nikiachiwa huru, yeye kaaibika mbele ya wageni, na nafasi ni yangu. Kila upande unaruhusiwa shahidi mmoja wa kutunga. Wangu ni binamu yangu, fundi simu, mwenye uso wa mtu asiyejua kudanganya. Aseme tu kwamba baiskeli ilipoibwa nilikuwa kwenye kibanda chake nasubiri simu. Akauliza mbona sikuwepo. Nikamweleza kuwa ni maigizo. Akaguna. Kwetu kuguna ni kukubali.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi yamekwenda vizuri. Binamu amekosea mara nyingi, lakini kwa unyoofu unaovutia. Kamusi anazunguka chumbani na makaratasi yake, anaongea na ukuta. Nikampa pole mapema. Hakuelewa.

Mama akapiga simu. Nikamwambia ajiandae kuitwa mama wa mwendesha mashtaka. Akasema, “Sawa mwanangu, lakini unakula?”

Ijumaa, 8 Machi
Ukumbi ulifurika. Nilikaa kizimbani, yaani nyuma ya meza mbili zilizounganishwa, nikiwatazama wageni kwa macho ya mtu msafi.

Mhadhiri ndiye aliyekuwa hakimu. Alimwapisha binamu kwa sauti nzito mno. Ndugu yangu akarudia kila neno kama yuko mahakamani kweli. Kamusi akasimama.

“Siku hiyo mshtakiwa alikuwa kwako?”

“Hapana,” akasema binamu. “Huyu kwangu haji. Hata mama alipolazwa hakuja.”

Mama yake ni shangazi yangu! Ukumbi mzima ukaguna, na mguno huu haukuwa wa kukubali. Nikaruka juu, nikaeleza kwamba wiki ile nilibanwa na shughuli.

“Shughuli gani?” akauliza Kamusi, mpole kama nesi.

Akili ikanitoka. Neno la kwanza lililofika mdomoni likatoka lenyewe.

“Baiskeli,” nikasema.

Nikatiwa hatiani kabla chai haijaletwa.

Mwendesha mashtaka wa serikali akamchukua Kamusi. Afisa probesheni akamchukua yule binti aliyekuwa karani, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuita majina. Akabaki mkuu wa gereza, nikabaki mimi. Akatazama saa yake.

“Haya,” akasema. “Njoo tu.”

Kachaguliwa nani na mkubwa mwenyewe? Mimi! Nikampigia mama palepale. “Mama, nimepata gereza! Miezi mitatu!” Akaangua kilio. Nilipofanikiwa kueleweka, majirani walikuwa wamejaa sebuleni na mjomba alishatoka kutafuta wakili.

Jumapili, 10 Machi
Mama kaamuru niende kumwona shangazi. Nilikwenda kwa nia moja: kudai binamu aniombe radhi. Shangazi akanifungulia mlango, amekonda, kitenge kinamzidi. Nikashika ndoo, nikamtekea maji. Nikakaa naye hadi jua likapoa. Wakati wa kuaga akanikumbatia, akasema anashukuru kwamba wameniachia.

Sikumsahihisha. Alikuwa na furaha sana.

Jumatatu, 11 Machi
Siku ya kwanza gerezani. Nimewekwa chini ya sajini, mama mmoja asiyependa maneno. Akaniambia kazi yangu wiki hii ni kutazama, kusikiliza na kutogusa kitu. Nikamwelewa haraka: wananipima.

Na nimefaulu! Hata mchana haujafika nikagundua njama. Jikoni wafungwa wawili walikuwa wakinong'ona. Niliambulia maneno matatu: “kesho”, “mkuu”, “asijue”. Waliponiona wakanyamaza. Sajini mwenyewe alikuwa amesimama katikati yao, anatabasamu. Wamemtia mfukoni!

Walipotoka nikafungua kabati. Keki! Ya ghorofa mbili, na juu yake wameandika kwa sukari nyeupe: KWAHERI MKUU. Yaani vitisho sasa vinaandikwa kwa sukari!

Mkuu maskini hana habari. Nilimkuta ofisini anatoa picha zake ukutani na kupanga vitabu kwenye maboksi, huku anapiga mluzi. Akanieleza habari za ujana wake kazini. Nikamsikiliza kwa huruma kubwa, maana mtu mwenyewe ni mwema.

Sitamwambia yeyote, hasa sajini. Watu wa namna hii hawakamatwi kwa kutazama na kusikiliza. Kesho asubuhi, kabla mkuu hajafika, nitaingia jikoni na kisu, niikate keki ile vipande vipande hadi nione wameficha nini ndani.