Ndindi na Ubao wa Maendeleo

Sogeeni, enyi mliokula vumbi la Embakasi na kukanyaga tope lake, mpate kusikia jinsi Ndindi, jemadari wa muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yapikwayo na maharagwe, malkia wa mwiko na sufuria, alivyoushinda mtaro mwaka ule wa tisini na sita!

Zamani barabara ya kuelekea mtaa wa Fedha ilikuwa ya udongo, na wenye njaa waliingia kibandani kwake bila kizuizi. Ndipo wakaja mabwana wa mji mpya. Kwanza walisimika ubao mrefu wenye maandishi mekundu, MAENDELEO YAKO NJIANI, wakapotea miaka miwili. Waliporudi walimwaga lami, wakajenga maduka ya vioo ambayo mpaka leo hayana mpangaji, kisha wakachimba mtaro wa kufika kifuani baina ya lami yao tukufu na kibanda cha Ndindi. Wateja wakawa wanasimama ng'ambo, wananusa, wanakwenda zao. Wiki tatu Ndindi alimwaga chakula, akaapa kwamba akimwaga cha wiki ya nne atafunga kibanda arudi kwao Kitui.

Mvua ikauangusha ule ubao. Ndindi akaukazia macho, akafunga leso kiunoni.

"Mama, wacha!" alilia Nzivo, fundi wa baiskeli, jirani yake. "Hiyo ni mali ya wenyewe!"

"Nzivo, ndugu yangu, miaka miwili na zaidi nasoma kwamba maendeleo yako njiani. Leo nitayaweka njiani mimi mwenyewe. Shika huko!"

Wakainua, wakasukuma, wakalaza ubao juu ya mtaro. Ukayumba kidogo, ukatulia.

Mara akatokea Mbuthia, karani wa kampuni ya wale mabwana, tai shingoni, viatu viking'aa kwa kutofanya kazi.

"Mathe! Hii sasa ni njia ya wadosi, wenye pesa zao, si ya vibanda! Toa huo ubao saa hii!"

"Karani, umekula?" Ndindi akafunua sufuria.

Mbuthia akayatazama maduka yake ya vioo, yasiyouza hata andazi. Akameza mate. Akapandisha suruali, akakanyaga MAENDELEO, akakanyaga YAKO, akavuka NJIANI, akaketi kwenye benchi.

"Weka na pilipili," alisema kwa upole.

Nyuma yake foleni ikajipanga.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe: siku hiyo, saa saba mchana, maendeleo yalifika, upana wake futi mbili, na jioni Ndindi aliosha sufuria tupu.