Kaburi la Mchuzi wa Askofu

Lucius Goodpaster hakuwa mwizi. Mwizi huingia kwa dirisha. Lucius aliingia kwa mlango, akakaribishwa kahawa, na wakati wa kuondoka akasindikizwa mpaka kwenye gari. Alikuwa mtu wa miaka hamsini mwenye sauti ya mchungaji na suti moja ya rangi ya maziwa, iliyowahi kuhudhuria kesi nne na kushinda tatu.

Jumamosi moja, kwenye gulio la vitu vya kale nje kidogo ya Lexington, aliwaona wazee wawili wenye pensheni nzuri wakivutana mashati kwa sababu ya kijitabu cha mbio za farasi cha mwaka 1912. Kijitabu chenyewe kilikuwa na kurasa nane, pembe zimeliwa na panya, na kilieleza tu farasi gani atakimbia mbio ipi, nani atampanda, na soda baridi inauzwa wapi. Enzi zake kilitupwa chini jioni kikafagiliwa pamoja na maganda ya karanga. Sasa mzee mmoja alikichukua kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na mwenzake akaenda kulia nyuma ya gari.

Lucius akavua kofia. Wako watu wanaovua kofia wakipishana na msiba. Yeye alivua alipoiona riziki.

"Kama ni panya," akajisemea, "hata mimi ninao."

Nyumbani alikuwa na mashine kuukuu ya kuchapia kwa mkono, aliyoinunua kanisa moja lilipohama. Karatasi alizichana mwishoni mwa vitabu vya tenzi, zile kurasa tupu ambazo Mungu hakuwa amezitumia. Alizichovya kwenye chai, akazianika juu ya jiko, akazipulizia moshi wa sigara mpaka zikakohoa. Uwanja alioubuni akauita Bonde la Sungura, akauunguza kwa moto wa mwaka 1909 ili asiwepo mtu wa kwenda kuukagua. Akabakiwa na kazi moja, kumpata farasi. Alikuwa anakula maandazi ya asubuhi na mchuzi mweupe wa soseji kwenye sahani iliyokuja pamoja na mashine, yenye picha ya askofu katikati. Mchuzi ulikuwa umemfika askofu kidevuni.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mchuzi wa Askofu, farasi asiyewahi kushindwa. Msije mkamcheka kwa jina lake. Sisi wa Kentucky tumewahi kuweka mishahara yetu juu ya farasi wenye majina mabaya zaidi.

Ni haki niseme pia kwamba nyumba ile ilikuwa na kitu kimoja cha kweli. Saa ya Lucius ilikuwa bandia, cheti cha chuo ukutani kilikuwa bandia, na meno mawili ya mbele vilevile. Lakini chini ya kitanda kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani yake kijitabu cha mbio cha mwaka 1894. Siku ya mbio hizo Ephraim, babu wa mama yake, alipanda farasi katika mbio ya tatu akashinda. Ephraim hakujua kuandika, kwa hiyo alichora msalaba kwa penseli pembeni ya jina lake, na tope la uwanja bado lilikuwa limeganda kwenye jalada. Mama yake alipokuwa anakata roho alimwambia, "Uza nyumba, uza viatu, hata jina uza. Hiki hapana." Lucius aliwahi kulala njaa na kopo lile likiwa chini ya mgongo wake, na hakuligusa. Alilipenda kuliko alivyojipenda mwenyewe.

Kijitabu cha Mchuzi wa Askofu alikipeleka kwa Jaji mstaafu Harlan Stivers, mwenyekiti wa Chama cha Wahifadhi wa Heshima ya Farasi, kilichokutana kila Jumanne kwenye baa ya hoteli. Jaji alikuwa na ugonjwa mmoja: tangu azaliwe hajawahi kutamka maneno "hilo silijui". Kazini ugonjwa huo uliwagharimu watu miaka mingi ya kifungo.

"Samahani kukukatiza, Jaji," alisema Lucius. "Nimeokota takataka ukutani mwa banda la shangazi, nikaona nikuulize kabla sijawashia jiko."

Jaji akavaa miwani. Akakigeuza, akakinusa. "Hii unaiita takataka?"

"Farasi wenyewe hawajulikani. Huyu Mchuzi wa Askofu, kwa mfano. Nani anamjua?"

Meza nzima ikamgeukia Jaji. Jaji akacheka kwa huruma.

"Nani anamjua? Kijana, babu yangu alipoteza nyumbu wawili kwa sababu ya farasi huyo."

Lucius, ambaye alimtoa farasi huyo kwenye sahani, akajishika kifua. "Kumbe alikuwa na mbio kweli?"

"Mbio? Alifika leo, vumbi lake likafika kesho."

Basi. Jaji alilipa papo hapo kabla wenzake hawajapandisha bei, na wiki hiyohiyo ukuta wa banda la shangazi ukatoa vijitabu vingine vitano. Kila mwanachama akamkumbuka farasi. Wengine walisema alikuwa wa kijivu, wengine wakasema mwekundu, na marafiki wa miaka thelathini wakaacha kuamkiana. Babu yangu mwenyewe, ambaye alikuwa seremala kule Ohio na aliogopa hata mbuzi, inasemekana alimshika hatamu.

Kisha yakaanza mambo. Kwenye mnada mmoja ilitokea kofia ya hariri ya mpanda farasi, imetariziwa jina la Mchuzi wa Askofu. Lucius aliigeuza ndani na nje.

"Hii sikuitengeneza mimi," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza maishani sentensi hiyo ilikuwa ya kweli.

Baada ya kofia likaja kopo la dawa ya kuchulia misuli lenye picha ya farasi huyo, kijivu upande mmoja na mwekundu upande wa pili, kwa busara. Lucius hakukasirika. Alijua mjini kuna fundi mwenzake, akamheshimu.

Halafu likaja kaburi.

Kwetu farasi bingwa hazikwi mzimamzima. Huzikwa kichwa, moyo na kwato, yaani akili, ushupavu na mbio, na mwili uliobaki huenda zake. Bi Verbena Birdwhistell, mjane wa miaka themanini mwenye shamba barabara ya kwenda Paris, mji wetu wa Kentucky, alitoa habari kwamba nyuma ya banda lake la tumbaku kuna jiwe. Chama kizima kikaenda kimevaa tai. Jiwe lilikuwepo, lina kuvu la kijani, limeandikwa MCHUZI WA ASKOFU, KICHWA, MOYO NA KWATO. Jaji alipiga goti moja, akashindwa kuinuka, akainuliwa.

"Atakayetupatia kaburi hili kwa hati," alisema huku analia, "ataje bei yake mwenyewe."

Bi Verbena akasema yeye haliuzi kwa fedha, wote wakarudi mjini wakiwa wanyonge. Wote isipokuwa mmoja. Kesho yake Lucius alirudi na pai ya karanga na ile suti yake.

"Bi Verbena, shikamoo. Umependeza."

"Marahaba. Nimevaa gauni la kulishia kuku. Unataka kaburi."

"Nataka kulitunza tu, Bi mkubwa. Watu wa mjini watalijengea uzio, wauze soda."

"Fedha sitaki, Lucius. Za nini? Nitazikwa nazo? Mimi nataka kitu cha kweli." Akakata kipande cha pai, akakitazama. "Mama yako aliwahi kunionyesha kijitabu kanisani. Cha Ephraim. Bado unacho?"

Lucius alihisi kama ameingizwa mkono mfukoni. "Hicho hakiuzwi."

"Na kaburi haliuzwi. Ndiyo maana tunabadilishana. Kula pai."

Alikula pai. Alihesabu kichwani: Jaji atalipa chochote, na kwa chochote mtu anaweza kurudi baada ya mwezi, akakinunua kijitabu cha Ephraim mara kumi. Haikuwa kuuza. Ilikuwa kumkopesha tu bibi mzee kopo la biskuti. Maneno hayahaya alikuwa amewaambia watu wengine zaidi ya mia moja, na sasa alijiambia mwenyewe, akashawishika kama wao. Jioni alileta kopo. Alilikabidhi kwa mikono miwili. Bi Verbena akamwandikia hati safi ya kaburi, pamoja na kifungu kidogo kwamba mwenye kaburi atalifyeka yeye, pamoja na malisho yanayolizunguka.

Jumanne aliingia baa akaiweka hati juu ya meza.

"Waheshimiwa," alisema, "Mchuzi wa Askofu amerudi kwa watu wake."

Jaji aliisoma. Akavua miwani polepole, kama zamani alipokuwa anataka kumfunga mtu.

"Kijana, nasikitika. Lile kaburi ni la uongo."

"La uongo?"

"Kichwa, moyo na kwato ni kwa mabingwa wa kawaida. Farasi wa hadhi yake alizikwa mzima. Tena amesimama. Babu yangu alishika koleo."

"Jumapili ulililia, Jaji!"

"Nililia kwa niaba ya watakaotapeliwa. Kaburi halisi liko shambani kwangu. Jiwe lake nimeliagiza jana." Akakohoa. "Nimeagiza lisafishwe."

Wanachama wakatikisa vichwa. Mmoja akasema naam, hata baba yake aliwahi kutaja jambo la kusimama. Na hapo Lucius Goodpaster, aliyemzaa farasi huyo kwa mkono wake na mchuzi wake, akajikuta amesimama juu ya kiti, jasho linamtoka, anapiga kelele kwamba kaburi lake ndilo la kweli, kwamba yeye ana uhakika, kwamba hakuna mtu duniani anayemjua farasi yule kama yeye. Neno moja tu lingemwangusha Jaji, nalo lingempeleka Lucius mwenyewe jela. Alishuka kwenye kiti, akaokota hati yake, akatoka.

Bi Verbena alifungua mlango akamkuta Lucius barazani.

"Nirudishie," alisema Lucius. "Nilikosea."

Bi Verbena alimwonyesha kiti. Aliingia ndani, akarudi na bahasha, akatoa programu ya mazishi ya mumewe, iliyochapwa kwa mashine ya kanisa mwaka uleule ilipouzwa kwa Lucius. Pembezoni mwa kila ukurasa kulikuwa na maua ya yungiyungi, na ua la nne lilikuwa limevunjika jani. Kando yake akaweka kijitabu cha Mchuzi wa Askofu, alichokipata kwa mwanachama mmoja wa Chama. Ua la nne lilikuwa limevunjika jani.

"Nimezika watu wengi na maua hayo, Lucius. Nilikaa nikacheka mpaka paka akakimbia. Halafu nikashona kofia."

"Na kopo la dawa?"

"Na kopo. Kuvu la jiwe ni maziwa mgando niliyolipaka, jiwe lenyewe la duka la bustani."

"Bi Verbena, kile kijitabu mama aliniachia mimi. Nililala njaa nacho."

"Najua. Ndiyo maana nikataka kuona kama utakitoa." Akamtazama bila hasira yoyote, na hilo lilimuuma zaidi. "Miaka yote hiyo njaa haikukushinda. Limekushinda jiwe la duka la bustani. Jaji angekichukua kwako kabla ya Krismasi, kisha angekwambia Ephraim alipanda nyumbu."

Lucius akatazama viatu vyake.

"Sikukunyang'anya," alisema bibi. "Kipo jikoni, ukutani, pasipofika mvuke. Siku ukiwa na kitu cha kweli, njoo tubadilishane."

Alirudi nyumbani akapekua kila droo. Aligeuza godoro, akafungua saa, akatoa cheti kwenye fremu. Alipekua wiki nzima.

Jumamosi ya kwanza ya Mei, jimbo zima lilipokuwa limekodolea macho mbio kubwa, Lucius alikuwa anasukuma mashine ya kukatia nyasi kwenye malisho ya Bi Verbena, suti ya maziwa imetundikwa kwenye uzio. Gari likasimama barabarani. Mume na mke wakashuka na kamera.

"Samahani, bwana," alisema mume. "Hili ndilo kaburi la Mchuzi wa Askofu? Kuna Jaji mmoja anatuambia la kweli liko kwake, kiingilio dola kumi."

Lucius akazima mashine. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kutoka pale aliweza kuona kona ya kijitabu ukutani.

"Hakuna kaburi," alisema. "Hapakuwa na farasi. Nilimbuni mimi, nikiwa nakula."

Wale wawili wakatazamana. Mke akamvuta mumewe mkono.

"Twende kwa Jaji," alisema. "Huyu tapeli."

Lucius akawatazama mpaka gari likapotea, kisha akaiacha mashine palepale, akaenda kumgongea Bi Verbena mlango wa jikoni.