Mistari Sita ya Barabarani

Jumatatu, 10 Januari 2011
Nimepata akili! Ramadhan, mnunuzi wa mahindi wa Tunduma, mwaka huu anatoa mabati mapema kwa mwenye shamba zuri. Utamlipa mahindi ukivuna. Na hakagui! Anapita hapa Nanyala na Fuso lake, anachungulia dirishani, basi. Sasa mbolea ya kukuzia katikati ya shamba ya nini? Nimeweka urea mistari sita tu ya barabarani. Mfuko wa pili nimempa Mzambia mmoja wa mitumba, kanipa suti ya kijivu. Wa tatu upo uvunguni, unangoja bei ipande. Mke wangu Enesi ameuliza, Baba Tumpale, watoto watakula mistari sita? Nimemwambia kwanza tuezeke nyumba. Hana maono.

Jumamosi, 29 Januari
Mistari ya mbele imeshiba, kijani hadi raha! Ndani ni njano tupu, lakini ndani nani anaingia? Jirani yangu Lwitiko bado anainama, kizibo cha soda kimoja cha urea kila shina, shamba zima! Nimemcheka. Kajibu kwamba mgongo utapona, njaa haina dawa. Wivu!

Jumamosi, 5 Februari
Fuso limesimama! Ramadhan kasema mashallah mara tatu. Mabati yamo garini, yanang'aa! Nikavaa suti mbio, tukapeana mikono. Kisha akaomba kopo la maji, akauliza choo kiko wapi. Choo chetu kilibomoka kwa mvua za Krismasi. Kabla sijatunga uongo, mtu kashazama kwenye mahindi. Kuzama wapi! Ya ndani hayafiki hata kiunoni. Tulimwona sote, na akina mama wa kwaya waliokuwa wakipita pia. Wakamsalimia. Jamani, aibu! Karudi, kanirudishia kopo. Mabati yote kashusha kwa Lwitiko.

Jumapili, 6 Februari
Mvua tangu alfajiri. Sufuria zote ziko sakafuni zinakinga maji, Enesi anayamwaga nje. Baada ya ibada kaja Lwitiko na vizibo vyake. Eti mfuko wa uvunguni tukiuweka kesho, kipande kizuri cha shamba kitapona, watoto wapate cha kula. Yuko tayari kuinama pamoja nami. Maskini, haoni kosa lilipo.

Kosa ni choo! Fundi nimeshampata, anaanza kuchimba kesho. Kakubali kulipwa mfuko mmoja wa urea.