Maporomoko Ukutani kwa Guro

Severin Brandt, mchuuzi wa picha kutoka mjini, alipoingia kwa mjane Guro kukwepa mvua, hakuona moto wala watu. Macho yake yalipanda ukutani yakagoma kushuka. Palikuwa na picha: mlima wetu, maporomoko yetu, msonobari uliovunjwa na dhoruba, na mawingu yaliyonuna kuliko mkusanya kodi.

"Rynning huyu!" akajisemea moyoni.

Mchoraji Rynning aliwahi kulala kwa Guro kiangazi kizima, akila uji wa watu. Sasa amefia Ujerumani, na waheshimiwa wa mji mkuu, Kristiania, wanakanyagana kununua michoro yake. Hao hao waliotutoza faini tulipookota kuni kwenye mlima huo huo. Tunawakumbuka kwa majina. Mlima ukiwa ndani ya fremu ya dhahabu ni wao. Ukituporomoshea theluji ni wetu.

"Mama, picha hii imeanza kuoza," Severin akasema kwa huruma iliyopakwa siagi. "Nikuondolee mzigo. Chukua koti langu hili."

"Aa, usijisumbue, bwana."

Sasa, bondeni kwetu mtu akipewa kitu, hata kikombe cha kahawa, hukataa mara mbili, ya tatu ndipo apokee. Anayekubali papo hapo huonekana ana njaa ya kurithi. Severin, mtu wa mjini, kahawa aliidaka ilipotajwa tu. Kwake yeye, Guro alikuwa anapandisha bei.

"Basi koti na saa!"

"Jamani, usijisumbue! Ni picha tu."

Kikongwe hiki kinajua, akawaza Severin, na jasho likamtoka. Nje, farasi wake alikuwa akitafuna uzio wa Guro. Farasi wa Guro mwenyewe serikali ilishamchukua kwa deni, na majani yake makavu yote yalikuwa bado juu mlimani bila wa kuyavuta, theluji ikikaribia. Bila majani hayo, ng'ombe wake wasingeiona Pasaka.

"Koti, saa na farasi!"

"Haya, bwana, maadamu unang'ang'ania." Guro akampa mkono wa mapatano, mbele ya jirani Anders, aliyekuja kuomba moto na sasa kausahau.

Severin akaishusha picha, akaigeuza huku na huku. "Sahihi yake iko wapi?"

"Ola hakujua kuandika."

"Ola gani?"

"Marehemu mume wangu. Alimbebea Rynning masanduku, akatazama anavyofanya. Baridi ilipoingia, naye akachora."

"Uliniambia ni ya Rynning!"

"Mimi? Mimi nilikwambia usijisumbue. Mara mbili!"

"Wewe bwana, wewe ni shahidi!" Severin akamgeukia Anders.

"Shahidi wa mkono, mheshimiwa. Nimeuona ulivyoshikwa. Umeshikwa barabara."

Severin akaondoka kwa miguu, bila koti, mlima wa Ola kichwani kama mwavuli. Hatukumsindikiza. Farasi alikuwa ameshafungwa kwenye kigari cha majani, na mawingu, haya ya kweli, yalikuwa yameanza kushuka.