Upepo wa Mlima wa Meza

Jumamosi, 20 Septemba
Nimekwisha. Leo baada ya mazoezi kwaya imepiga kura: sikukuu ya Jumatano tunakwenda Cape Town, Mlima wa Meza. Hakuna kupanda kwa miguu. Unaingia kwenye gari linaloning'inia kwenye waya, linakupeleka hadi kileleni, mji wote unauona chini. Chini! Mimi hata balbu ya chumbani namwita jirani abadilishe.

Kosa ni la mdomo wangu. Mwezi uliopita nilimwambia Julienne, yule mwenye saluni anayeimba sauti ya kwanza, kwamba kwetu Goma nilipanda volkano mara saba. Ukweli ni kwamba niliitazama kupitia dirisha la shule. Leo akasimama mbele ya kwaya nzima akasema ndugu Fabien ndiye atuongoze. Mutua, Mkenya anayesomea uhandisi, mwenye viatu vya mlimani vya kweli, akauliza kwa heshima kule juu ya volkano kulikuwa na joto kiasi gani. Nikajibu la wastani. Simpendi Mutua.

Jumapili, 21 Septemba
Mpango umepatikana! Nimesikia kwamba upepo ukizidi, gari la waya halitembei. Basi nahitaji upepo tu. Baada ya ibada nikamfuata Mama Ntakirutimana wa kikundi cha maombezi. Mama huyu akiomba, jambo linakuwa. Aliombea mguu wa Pascal, mwenzetu wa kwaya, Pascal akatupa mkongojo. Nikamnong'oneza kwamba naogopa urefu mpaka magoti yanalegea, aombe upepo ufunge mlima, na iwe siri. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema Mungu hashindwi. Leo nimekula vizuri.

Jumatatu, 22 Septemba
Kwa tahadhari, nimefanya mazoezi. Nimevuka lile daraja la juu pale soko la Warwick, hapa mjini kwetu, taxi zinapita chini yangu. Macho nimeyafumba. Nikagonga toroli la mchukuzi, vitunguu vikamwagika kila upande. Amenitukana kwa Kizulu na nimeelewa yote. Basi la Cape Town linaondoka jioni hii, safari ya usiku na mchana. Tumbo limeshaondoka.

Jumatano, 24 Septemba
Asubuhi. Hakuna upepo. Jani halitikisiki. Nikalalamika tumbo. Julienne akafungua mkoba, akatoa dawa ya tumbo. Mwanamke wa kujiandaa namna hii, utaacha vipi kumpenda?

Nikapanga upya. Ndani ya gari la waya nilikimbilia upande wa mlima, nyuma ya mama mmoja mnene, mahali ambapo huoni kitu ila mwamba. Mlango ukafungwa. Sakafu ikaanza kuzunguka! Eish! Hakuna aliyeniambia sakafu inazunguka. Polepole, bila huruma, nikapelekwa mpaka dirisha la upande wa bonde. Nikaona paa za nyumba, nikaona bahari, nikaona kaburi langu. Sala zote zikanitoka kichwani, ikabaki ile ya kushukuru chakula. Nikaisali hiyo hiyo.

Kileleni nilikaa katikati kabisa, mbali na kila ukingo. Nikawaeleza wenzangu kwamba kiongozi hukaa katikati ili awaone wote. Julienne akaja kukaa kando yangu. Aliukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Nikadhani ni ule uzuri wa mandhari unamshangaza. Nikaona saa ya kumwambia habari za moyo wangu ndiyo hii. Nikafungua mdomo. Hapo ndipo upepo ukaja.

Mama Ntakirutimana! Sasa hivi? King'ora kikalia, tukaamriwa tushuke haraka kabla mlima haujafungwa. Gari likayumba njia nzima. Nikafumba macho, nikakamata mkono wa Julienne, nao ukanishika kwa nguvu. Nilipata faraja ambayo sijawahi kuipata. Tulipofika chini nikafumbua macho: Mutua. Alivuta mkono wake akanyoosha vidole kimoja kimoja.

Julienne akaniuliza mbona midomo ilikuwa inatetemeka. Nikasema nilikuwa nawaombea ninyi. Akasema asante, ndugu. Nimepona!

Jumapili, 28 Septemba
Sikupona. Nilisahau desturi ya kanisa letu: ombi likijibiwa, aliyeomba anasimama kushuhudia. Mama Ntakirutimana akasimama na kitenge kipya. Akasimulia yote, magoti, urefu, upepo, hata akataja kwamba ilikuwa siri. Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikainama, mabega yanatikisika. Mutua peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Julienne aliningoja nje. Niliona aibu hadi masikioni.

"Mimi pia nilikuwa nakufa na woga kule juu," akasema. "Ungesema tu, tungebaki chini sisi wawili, tunakunywa chai."

Wiki nzima ya mateso, na kumbe chai ilikuwa chini! Kisha akaniuliza kwa upole kama maji nayo nayaogopa. Jumamosi kwaya itapanda boti kuzunguka bandari ya hapa kwetu, na yeye hapendi maji. Kama na mimi naogopa, nimwambie sasa, tubaki nchi kavu pamoja.

Nikacheka. Nikamwambia asiwe na shaka, akae karibu yangu, mimi niliogelea Ziwa Kivu lote, kutoka Goma mpaka Bukavu.

Akaubana mkoba kwapani. Akasema sawa, ndugu Fabien. Akaenda zake.

Jioni hii nimetoka kwa Mama Ntakirutimana. Anaombea mvua kubwa Jumamosi. Nimemwambia iwe siri.