Mgonjwa Namba Saba Hajapona

Tarehe 9 Machi
Miaka sita na miezi miwili tangu nitoke nyumbani

Kwa Ndugu Mhariri wa Jarida la Tiba ya Mifupa,

Salamu kwako na kwa wote unaofanya nao kazi. Mimi ni kuli kwenye ghala la saruji. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta kosa lisahihishe kimyakimya, ndiyo kazi yako. Jarida lako sijawahi kulinunua, lakini nimo ndani yake. Ukurasa wa thelathini na mbili, jedwali la pili, mstari wa saba: "Mpakiaji mizigo, miaka 43, hana kidole gumba cha mguu wa kushoto. Maumivu ya mgongo: yamekwisha." Ndiye mimi huyo. Cha kidole ni kweli.

Msimamizi wetu aliubandika ukurasa huo kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa getini miezi mitatu, kwenye kiti, naandika namba za malori, kwa ajili ya mgongo. Nilikuwa pia nimeomba ruhusa ya ugonjwa niende nyumbani nikamwone mama. Msimamizi aliniita, akaugonga mstari wa saba kwa kalamu. "Bwana Kidole, sayansi imesema umepona. Wewe ni nani uibishie?" Siku hiyohiyo nikarudishwa kwenye mifuko, na ruhusa ikafutwa. Nataka kiti changu na ruhusa yangu, na mlioninyang'anya ni nyinyi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Siri. Utafiti huo wa mgongo ulipoletwa ghalani kwetu, tuliahidiwa kwamba majina yetu hayatatajwa. Kweli, langu halikutajwa. Lakini ghala letu lina watu tisini, na vidole gumba vya miguu mia moja sabini na tisa. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita naiweza.

2. Nilivyopona. Tulipewa mkanda wa kufunga kiunoni, tuuvae wiki nane. Kila Jumatatu muuguzi wa utafiti alinipigia simu. Ni dada mwenye adabu zake. "Habari za mgongo, kaka?" Nami nikajibu, "Nzuri." Sasa, Ndugu Mhariri, nawe umelelewa. Mtu akikuuliza habari, unaanza na nzuri. Ukifiwa unasema nzuri, ila tumefiwa. Nyumba ikiungua unasema nzuri, ila tumelala nje. Mimi bado natafuta pumzi ya kuisema hiyo "ila", mwenzangu ameshashukuru na kukata simu. Jumatatu nane, nzuri nane. Kwenye jarida mmeandika kwamba tulihojiwa kwa kina.

3. Waandishi. Wako sita. Wa kwanza ni profesa ambaye tulimwona mara moja tu, alipokuja kupiga picha na sisi. Tulimfutia kiti vumbi. Daktari aliyetupima ni wa nne, na muuguzi aliyefanya kazi yote ni wa mwisho. Huyo wa tano jina lake nalijua kuliko yote, kwa sababu nimelibeba. Lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa maboksi ya mikanda, maboksi mia moja na ishirini, niliyoyashusha kutoka kwenye lori kwa mgongo huuhuu, ukazidi kuuma. Halafu mwisho wa makala, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, mmeandika kwamba waandishi wote hawana maslahi yoyote. Kama mwenye mikanda hana maslahi na mikanda, basi na mimi sina maslahi na mgongo.

4. Wakaguzi. Chumbani ninaishi na mwenzangu tunayemwita Mwalimu, maana aliwahi kufundisha kabla ya saruji. Ndiye anayenisomea maneno magumu. Ameniambia kwamba kabla ya kuchapwa, makala hukaguliwa na wataalamu wawili, ambao ni wenzao hao waandishi. Chumbani kwetu tunalala sita na tunapika kwa zamu. Aliyepika haulizwi kama chakula kiliiva, na rafiki yake haulizwi pia. Huulizwa aliyeharisha.

Hapa niseme ukweli, nami nina langu. Karatasi ya kukubali kushiriki ilikuwa na kurasa nne. Nilianza kusaini ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mstari, na hizo tatu za mwanzo sijazisoma hadi leo. Kulikuwa na soda.

5. Maombi yangu. Kwanza, uchapishe kwamba namba saba hajapona, na karatasi hiyo ije na muhuri, ibandikwe ubao uleule kwa pini zilezile nne. Pili, niandikwe mwandishi wa saba. Wenzangu walitoa kalamu, mimi nimetoa mgongo, na bila mgongo kalamu zingeandika nini? Mwalimu aliposikia hili alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Ndugu yangu, wewe hata jina lako unaliandika ulimi ukiwa nje." Nimekubali. Lakini profesa hakutoa hata ulimi. Tatu, wale wakaguzi wawili waje wabebe mifuko ya kilo hamsini kwa wiki moja, na Jumatatu nitawapigia simu niwaulize habari za mgongo. Naahidi nitangoja wafike kwenye "ila". Wewe pia karibu. Glavu zipo, ingawa zote ni za mkono wa kushoto.

Nakomea hapa kwa sababu kukaa kunauma na kusimama kunauma. Nisalimie profesa kama utamwona, maana sisi hatumwoni. Nisalimie wachapaji, na yule dada muuguzi mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi wako wa jedwali la pili,
Mgonjwa namba saba

Nyongeza: Mwalimu ameisoma barua yote, akaikunja, akanirudishia. Akauliza, "Na mkanda wenyewe uko wapi?"

Haya. Mkanda sikuuvaa hata siku moja. Wiki ileile niliyopewa nilimkabidhi dereva aliyekuwa akielekea kwetu ampelekee mama, ambaye mgongo wake umeinama kuliko wangu. Wangu nilidhani utapona wenyewe pale getini. Kwa hiyo, kama mnamtafuta aliyeidanganya sayansi, msiishie kwa profesa. Huenda mkanda ni mzuri sana. Sijui. Kila Jumapili nampigia mama simu, namuuliza habari za mgongo, naye hujibu, "Nzuri, mwanangu." Nami namshukuru, nakata. Miaka sita ya nzuri, na sijamngojea hata mara moja.

Barua hii usihangaike kuichapisha, na kiti cha getini wakae nacho. Nimeomba likizo ya kawaida, ile isiyouliza mgongo wa mtu, na nimepewa. Tarehe 2 Aprili nitakuwa nyumbani. Nitamuuliza mama habari za mgongo, aseme nzuri, kisha nitakaa hapohapo mpaka amalize.