Kamati ya Utulivu wa Vipepeo

Ninayo heshima kuwatangazia wananchi wa Tabora, kuanzia Kitete hadi Sikonge, kwamba tangu mwezi wa tano mwaka huu wa 1975 hakuna kipepeo anayesumbuliwa tena. Mimi, Ndugu Anselm, Katibu wa Kamati ya Utulivu wa Vipepeo, nimelisimamia jambo hili binafsi.

Kuna kijito katika kijiji kimoja cha ujamaa, njia ya Sikonge, ambako vipepeo hutua matopeni kwa mamia. Mgeni Rasmi alikuwa anatoka Wizarani kuja kuwaona. Tukapitisha taratibu. Gari liachwe mbali. Watu watembee pekupeku, wanong'one, na wasipige chafya bila kibali. Kanga za maua zivaliwe nje ndani, kipepeo asije akadanganyika. Wanakijiji nao, pamoja na mbuzi wao, wahamie kisima cha mbali, mwendo wa saa nzima.

Bibi Mwanamkuu, ambaye miaka yote aliloweka mihogo yake kijitoni, alinijia ofisini akichechemea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Goti hili litaniua. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi na ndoo kichwani. Nirudishieni kijito."

"Uwasumbue vipepeo?"

"Kwani wamekuja kushtaki?"

"Suala lao linashughulikiwa."

"Basi na la goti lishughulikiwe."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Lakini huruma haina fomu.

Siku ikafika. Tukavua viatu, tukanong'ona mpaka kijitoni. Tope limekauka, kipepeo hakuna hata wa dawa.

"Wako wapi?" Mgeni Rasmi akanong'ona.

"Wametulia, Ndugu."

"Wametulia wapi?"

Bibi Mwanamkuu, aliyekuwa ametufuata nyuma, akajibu kwa sauti yake yote. "Walikuwa wakifuata maji ya mihogo yetu na mikojo ya mbuzi. Mmetuhamisha, nao wamehama. Wamejaa kule kisimani. Twendeni niwaonyeshe."

Mgeni Rasmi hakutaka kurudi Wizarani bila kuona kipepeo. Tukaenda, pekupeku kama taratibu zinavyosema, mchanga unaunguza, miiba inachoma. Baada ya robo saa Mgeni Rasmi alikaa chini, akashika unyayo wake kwa mikono miwili.

"Bado mbali, mama?"

"Bado hatujaanza, mwanangu."

Kikao cha dharura kikaitishwa palepale mchangani. Azimio la kuwarudishia wananchi kijito chao lilipita bila mjadala, na gari likaagizwa lije, na kelele zake zote. Aliyepinga ni Bibi Mwanamkuu peke yake. Alitaka tufike kwanza.